Darasa la Makumbi

Kaka yangu alisimama kwenye mlango wa ua, kanzu kaikusanya mkononi isiguse matope, akasema, "Siku ya mkaguzi ndiyo itakayoamua. Watoto wakifaulu mbele ya watu, endeleeni na kelele zenu. Wakinitia aibu, sitaki kumwona tena mwanafunzi akipita mlango huu. Na siku hiyo sauti yako isisikike kabisa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, kaka," nikamjibu. "Na wewe utatusikia tukishinda, hata ukijiziba masikio."

"Una mdomo wewe!" akasema, akaenda zake.

Ni kweli, mdomo ninao. Nimezeeka sasa, meno yamebaki ya kuhesabia wageni, na bado wajukuu wananiambia bibi punguza sauti, jirani wanasikia. Waache wasikie! Lakini siku ile, kaka alipokwisha ondoka, nilikaa chini kwenye rundo la makumbi ya nazi, maana nilijua hatanii. Ule ua ndio uliokuwa furaha yangu yote, na yeye alikuwa ameushika kwenye kiganja chake.

Wakati huo Wadachi walikuwa na boma lao hapa kwetu Chole, na serikali yao ilikuwa imefungua shule. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani kwa marehemu baba, na mkubwa wa nyumba alikuwa kaka. Minazi ilikuwa yake, na mbata, zile nazi kavu zilizoanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, zilikuwa zake. Makumbi ndiyo yaliyokuwa yetu wanawake. Tuliyafukia kwenye tope la pwani miezi na miezi mpaka yakaoza, kisha tukayafukua, yananuka hayasemeki, tukayaponda kwa vigongo mpaka zikabaki nyuzi za kusokotea kamba.

Kuponda makumbi kuna adabu yake. Mnakaa pande mbili za gogo moja, mnatazamana. Upande huu unatoa wimbo, upande ule unaitikia, na gongo linashuka pamoja na neno. Ndivyo kila mmoja anavyojua zamu yake. Wimbo ukitolewa na asiwepo wa kuitikia, magongo mawili yatashuka kwa pamoja, na kuna mtu atakwenda nyumbani na kidole kimepondeka. Kwa hiyo kwetu sisi, wimbo wa mwenzio huuachi hewani. Hata kama mmegombana tangu asubuhi, hata kama mdomo umejaa muhogo, utaumeza na utaitikia. Kutoitikia wimbo kulikuwa kubaya kuliko kutoitikia salamu.

Sasa, shule iliingiaje humo? Iliingia kwa kilio. Mtoto wa jirani yangu, mtoto mwenye pengo la meno ya mbele, alikaa siku moja kizingitini kwetu analia kwikwi. Nikamuuliza nani kakupiga. Akasema mwalimu, kwa sababu ya wafalme.

"Wafalme gani tena?"

"Wafalme wa Wadachi, shangazi. Nani alitawala, akafuata nani, akafuata nani. Nikifika wa tatu wananipotea."

Nikamwambia asome nisikie. Akasoma huku akifuta kamasi. Nilipomsikiliza nikaangua kicheko. "Aa! Mbona hii ni nasaba tu! Fulani bin fulani bin fulani! Wewe si unajua nasaba yako mpaka babu wa babu yako?" Akasema anaijua. "Basi na hao ni watu, wana baba zao. Kaa hapa, shika kigongo."

Nikawageuza wale wafalme kuwa wimbo wa makumbi pale pale. Upande wetu tukauliza huyu ni mwana wa nani, upande wa pili ukajibu, gongo likashuka. Tulipofika katikati nikasimamisha kazi. "Hebu ngoja. Mama zao ni kina nani?"

"Mwalimu hakusema, shangazi."

"Hakusema? Wanaume watupu wamezaana wenyewe kwa wenyewe? Kesho ukamuulize!"

Masikini, akaenda akauliza kweli. Mwalimu alikuwa kijana wa Tanga, mpole, viatu vyake vikilia kwiyo kwiyo njia nzima, na kiboko alikuwa akikishika kwa kuwa aliambiwa akishike. Mtoto alituambia mwalimu alicheka, akamjibu kwamba mama za wafalme yeye hawajui. Wanawake walicheka mpaka vigongo vikawaponyoka. Tukatia maneno katika wimbo: kila mfalme akishatajwa baba yake, waitikiaji wanamalizia, "Na mama yake Mungu amjua!" Mtoto yule hakupigwa tena kwa sababu ya wafalme.

Basi wakaanza kuja. Kwanza mmoja, kisha wawili na ndugu zao, kisha ua ukajaa watoto wa shule na vibao vyao vya kuandikia. "Shikamoo shangazi, leo tumepewa hesabu ya mwezi." "Shikamoo shangazi, leo tumepewa mifupa ya mwili." Marahaba, marahaba, kaeni, shikeni vigongo! Jamani, raha ile sijui niieleze vipi. Nilikuwa nikiamka alfajiri najiuliza leo wataniletea nini. Baba alinifundisha kusoma msahafu na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini zile herufi za Wadachi zilikuwa ngeni kwangu. Watoto wakanifundisha kwa makaa ukutani, na mimi nikiwafundisha kwa gongo. Siku nilipoliandika jina langu zima, kutoka kushoto kwenda kulia, nilirudi nyuma nikalitazama, nikapiga kigelegele peke yangu. Kaka alipouona ule ukuta uliochafuliwa aliuliza kama nyumba imeingiliwa na mashetani.

Lakini kilichonipagawisha hasa kilikuwa ile habari ya mvua. Walikuja siku moja wakasema mwalimu kafundisha kuwa mvua ni maji ya bahari yaliyopanda juu. Nikakataa katakata. Mvua ni rehema ya Mwenyezi Mungu, nikasema, na maji yana miguu gani ya kupandia? Tukabishana, wao wananisomea vibaoni mwao, mimi nawajibu, wali uko jikoni. Harufu ya kuungua ikanishtua, nikakimbia, nikafunua chungu. Nikasimama hapo hapo na mfuniko mkononi. Chini ya mfuniko maji yamejaa matone matone, yananidondokea mguuni, na hakuna aliyeyatia humo.

"Lo! Lo! Lo! Njooni! Njooni mwone!" Nilipiga ukelele jirani wakadhani nyumba inaungua. Watoto wakaja mbio, wanawake wakaja na vigongo mikononi. Nikawaonyesha: moto ndio jua, chungu ndicho bahari, na mfuniko ndiyo hiyo baridi ya juu aliyoisema mwalimu. Miaka yote hiyo napika, nafuta mfuniko kwa kitambaa, kumbe naifuta mvua! Mkono ulikuwa umeniungua na sikusikia. Na rehema ya Mungu haikupungua hata chembe, nikawaambia, bali tumeonyeshwa njia inayopitia. Wali tulikula umeungua siku ile, na hakuna aliyelalamika isipokuwa kaka.

Wimbo wa mvua ulikuja wenyewe. Mtoa wimbo anauliza, waitikiaji wanajibu.

"Jua lachoma bahari, maji yaenda wapi?"

"Yapanda juu, yapanda, hayana mbawa!"

"Na huko juu yendako, yakutana na nini?"

"Yakutana na baridi, yawa mawingu!"

"Mawingu yakilemewa, yatafanya nini?"

"Yashuka chini, yashuka, tufunike mbata!"

Ile ya mbata niliitia mimi. Kwetu wingu likitanda mtu hafikirii jingine, ni kukimbilia majamvi mbata zisilowe. Watoto waliipenda kuliko zote, wakaipigia kelele mpaka ikasikika njiani.

Hata muziki waliniletea. Mwalimu alikuwa na fidla, na aliwafundisha nyimbo ambazo nusu ya darasa inaimba juu na nusu inaimba chini, kwa wakati mmoja. Waliteseka! Wa chini walivutwa na wa juu, mara moja tu wote wamekwishapanda huko kama kuku wa jioni. Nikawapanga pande mbili za gogo. Nikawaambia, "Nyie wa chini, wa juu msiwasikilize hata wakiwaita kwa majina. Sikilizeni gongo lenu." Tukajaribu, tukajaribu, na ghafla sauti zile mbili zikakaa, kila moja mahali pake, na ua mzima ukatulia. Jirani yangu, mama yake yule mwenye pengo, alinishika mkono akasema, "Dada, sisi tumefanya nini hiki?"

Sasa wanaume wa barazani wakampata kaka. Walimpiga vijembe kila akitoka msikitini. Sheikh, kwenu kuna harusi kila siku? Sheikh, tumesikia dada yako ndiye bwana shule, mshahara analipwa na nani? Kaka alikuwa mtu wa heshima zake, mtu wa joho na bakora, hakuzoea kuchekwa. Habari zilipokuja kwamba mkaguzi Mzungu atafika kwa jahazi la serikali kuwatahini watoto hadharani, na wazee wa mji wamealikwa kuketi mbele, ndipo alipokuja mlangoni akaniambia maneno yale.

Siku ikafika. Wanawake tulijifanya tunakwenda kufukua makumbi, na bahati nzuri, au tuseme bahati ya kutafutwa, njia ya pwani ilipita nyuma ya shule. Tukakaa chini ya dirisha, vikapu vyetu vinanuka, vigongo mapajani, kanga tumejifunika. Kwenye upenyo niliweza kuona. Wazee wamepangwa kwenye mabenchi, kaka katikati yao, kidevu kakiegemeza juu ya bakora. Watoto wamevaa kanzu zilizofuliwa na vifua vimewatuna. Mwalimu jasho linamtoka. Mkaguzi alikuwa mtu mrefu mwenye masikio yaliyoiva kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa sahihi lakini kilitembea kwa buti.

Walianza na kuimba. Fidla ikalia, watoto wakagawanyika, wa juu wakashika juu, wa chini wakashika chini. Mkaguzi akainua nyusi. Wazee wakatazamana. Nilimfinya jirani yangu paja mpaka akanipiga kofi. Tumeshinda, nikajisemea, tumeshinda!

Kisha akaanza kuuliza. Akamsimamisha mtoto mkubwa, akamuuliza mfalme fulani alifuatwa na nani. Mtoto akagonga kidole kwenye meza, akatoa, "Na huyu mwana wa nani?" Darasa zima likapokea kwa nguvu, wakajibu jibu lenyewe, na wakamalizia, "Na mama yake Mungu amjua!"

Mkaguzi akapiga meza kwa kiganja. "Kimya! Nimemuuliza mmoja! Mnapeana majibu?"

Mwalimu akataka kueleza, akaambiwa anyamaze. "Mmoja mmoja," akasema mkaguzi. "Atakayefungua mdomo bila kuulizwa atatoka nje, na darasa lote limeanguka." Akaangaza macho, na katika watoto wote wale kidole chake kikamwangukia yule mwenye pengo. "Wewe. Mvua inatoka wapi?"

Mtoto akasimama. Uso uling'aa, maana hilo alikuwa akilijua kama njia ya kwao. Akajibu kwa sauti nzuri, "Jua lachoma bahari, maji yaenda wapi?"

"Mimi ndiye ninayekuuliza wewe!" akasema mkaguzi.

"Ndiyo, bwana," akasema mtoto. Akarudia, "Jua lachoma bahari, maji yaenda wapi?"

Watoto walikuwa wamejiziba midomo kwa mikono, wengine machozi yanawalenga kwa kuzuia. Hapo ndipo nilipoelewa tulichokifanya. Tulikuwa tumewafundisha kwa pande za gogo! Huyu alikuwa mtoa wimbo kila siku, kazi yake kuuliza. Jibu alikuwa amelisikia mara elfu, lakini halikuwahi kutoka kinywani mwake, lilitoka vinywani mwa wenziwe. Ukimwacha peke yake anakaa na nusu yake, anangoja, kama alivyofunzwa, mwenzake aitikie.

Ee Mola wangu, nilivyoteseka! Wimbo umetolewa, uko hewani, na mimi mdomo wangu nimeusokomezea kanga nauuma kwa meno yote. Jirani yangu alikuwa amenikumbatia kwa nyuma, na yule ni mwanawe. "Usiitikie," ananinong'oneza, analia, "usiitikie, kaka yako atafunga ua." Nilikuwa nalijua neno. Wote tulikuwa tunalijua. Mkaguzi akachukua kalamu yake.

Mtoto akatoa kwa mara ya mwisho. Sauti ilikuwa imekwisha, imebaki ya kuomba. "Jua lachoma bahari... maji yaenda wapi?"

"Yapanda juu, yapanda, hayana mbawa!"

Ilikuwa sauti nene, ya kiume, imepinda kidogo. Kwanza sikuamini. Ile sauti niliijua tangu nimezaliwa, nayo sikuwahi kuisikia ikifanya kazi nyingine isipokuwa kunigombeza. Nikatoa jicho kwenye upenyo. Kaka yangu alikuwa bado ameketi, kidevu juu ya bakora, anatazama mbele kama mtu aliyeshtushwa na mdomo wake mwenyewe.

Mtoto aligeuka, akamwona. Lo, uso ule! Akavuta pumzi. "Na huko juu yendako, yakutana na nini?"

Kaka akainua bakora, akaigonga chini, pu, pale pale panaposhuka gongo, wala hakukosea hata kidogo. "Yakutana na baridi, yawa mawingu!"

"Mawingu yakilemewa, yatafanya nini?"

Na hapo nani angeweza kuzuia? Watoto, wazee, mwalimu na fidla yake kwapani, na sisi huku nyuma na vigongo vyetu ukutani, tulipasuka pamoja: "Yashuka chini, yashuka, tufunike mbata!"

Mkaguzi alisubiri mpaka vumbi la dari likatulia. Akamtazama kaka. "Mzee, na wewe umesoma darasa gani?"

Kaka akasimama, akaweka joho lake sawa. "La nyuma ya ukuta, bwana."

Nilishikwa na kwikwi ya kicheko na kilio kwa pamoja. Nyuma ya ukuta! Chumba chake kilipakana na ua. Zile siku zote akijifungia alasiri, tukidhani analala na anatulaani, kumbe kaka yangu alikuwa anasoma.

"Na hii ya mbata," akauliza mkaguzi, "iko katika kitabu gani?"

"Hiyo si ya kitabu, bwana. Hiyo ni ya mwenye mbata."

Watu waliangua kicheko na mkaguzi naye akacheka, masikio yakazidi kuiva. Kisha akamwinamia mtoto, akamwambia taratibu, "Sasa nieleze peke yako, bila wimbo." Na mtoto, alipokwisha usikia wimbo wake umekamilika, alieleza yote moja kwa moja, bahari, jua, baridi na wingu, akaongeza na habari ya mfuniko wa wali ambayo hakuulizwa. Mkaguzi akaandika. Akauliza na wengine, na kila aliyekwama kaka aligonga bakora mara moja tu, akatazama pembeni kama vile si yeye. Darasa zima lilipita.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, kikapu nilikisahau pale pale dirishani. Alasiri tulikuwa uani, watoto wote wapo, kelele haina mfano, kila mmoja anahadithia kana kwamba wengine hawakuwepo. Mlango ukafunguliwa. Kaka.

Alikuja bila joho. Akautazama ule ukuta wa makaa, jina langu likiwa pale pale. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, ya shukrani na ya kumchokoza, sijui yapi yangetangulia.

"Hivi," akasema, "yule mfalme wa pili, mama yake hajapatikana mpaka leo?"

"Hajapatikana, kaka."

"Haifai. Mwalimu aandike aulize huko kwao." Akavuta kigogo, akaketi. "Mama yetu alikuwa akiniweka hapa, mguuni kwake, akiponda. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa mwitikiaji mzuri mimi, mpaka baba akasema mwanamume haketi na makumbi." Akakunja mikono ya kanzu, ile kanzu nyeupe, akanyoosha mkono kwa mtoto mwenye pengo apewe kigongo. Akakiinua juu, akanitazama.

"Toa wimbo basi," akasema. "Mkono utanichoka hewani."

Na mimi, mwenye mdomo wangu, siku ile nilifumbua kinywa hakikutoka kitu. Ikabidi yule mtoto atoe badala yangu, na kaka yangu akaitikia, na gongo lake likashuka mahali pake.